Jiwe jeupe la shimo la choo: utalipimaje nyumbani kama lina dhahabu?

"Sisi tuko Ikolomani, Kakamega. Mwezi uliopita fundi alikuwa anatuchimbia choo nyuma ya nyumba. Alipofika futi 18 aligonga mwamba mweupe wenye michirizi ya kutu na vitu vya manjano vinavyometameta, na kabla ya jioni kijiji kizima kilikuwa kimejua. Shemeji yangu anasema tusage jiwe, tutie zebaki, tuchome kwenye sufuria juu ya jiko, na usiku huo huo tutajua. Kijana wangu alilimwagia asidi ya betri likatoa povu, akasema hiyo ni dalili ya dhahabu. Ameweka pia programu ya kutafuta dhahabu kwenye simu, na inalia kila akiisogeza shimoni. Kuna broka aliyelipima jiwe mkononi akasema ni zito, yuko tayari kutoa pesa tumwachie shimo. Sitaki kudanganywa, na sitaki kuwalisha watoto wangu sumu. Nina mizani ya jikoni, sumaku, karai na subira. Nitajuaje?"

Dada, nianze na hilo neno la mwisho, maana subira itakusaidia kuliko mizani. Wengi wanaoniuliza kuhusu mawe huniuliza wakiwa wameshawasha jiko. Wewe umeuliza kwanza.

Ulichoniuliza ni maswali mawili yaliyofungwa katika leso moja. La kwanza: hivi vitu vya manjano ni dhahabu au si dhahabu? Hilo utalijibu mwenyewe, hapo uani, kwa vitu ulivyonavyo. La pili: mwamba huo una dhahabu kiasi gani, na je, inatosha mtu kuhangaikia? Hilo halijibiwi nyumbani. Anayekuambia linajibiwa kwa usiku mmoja ama hajui, ama kuna kitu anakitaka. Usiyachanganye hayo mawili na hakuna broka atakayekusumbua.

Tuiondoe simu njiani. Ndani yake kuna kifaa kidogo kinachohisi sumaku, kile kinachoiwezesha dira ya simu kuonyesha kaskazini. Programu hizo husoma kifaa hicho tu, halafu zikaongeza mlio na picha ya sarafu. Dhahabu haivutwi na sumaku, kwa hiyo hata ukiilaza simu juu ya kilo nzima ya dhahabu haitashtuka. Kinachoiliza ni chuma: mtaimbo wa fundi, msumari uliodondoka, au mchanga mweusi wenye madini ya chuma. Mwambie kijana aipeleke karibu na jembe asikie itakavyopiga mayowe.

Na povu? Asidi ya betri haina ugomvi wowote na dhahabu. Inachopigana nacho ni madini ya jamii ya chokaa, ambayo katika mishipa ya mawe meupe ya huko kwenu hupatikana mara nyingi yakiwa yamejibana katikati ya jiwe. Asidi ikiyagusa hutoka hewa ile ile inayotoa mapovu kwenye soda. Angelimwagia ganda la yai angepata povu na angekaribia kutangaza kwamba kuku wanataga dhahabu. Asidi hiyo irudishwe dukani kwa fundi wa betri. Ikiruka jichoni, hakuna jiwe litakalolipa hasara hiyo.

Sasa broka na mkono wake. Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu imani kwamba jiwe zito lina dhahabu imewagharimu watu wengi, na ina ukweli ndani yake, ndiyo maana haifi.

Ni kweli dhahabu ni nzito mno. Ujazo mmoja wa dhahabu una uzito mara 19.3 ya ujazo huo huo wa maji. Kwatsi, hilo jiwe lenu jeupe, ni mara 2.65 tu. Lakini tuseme mwamba wenu una gramu 10 za dhahabu kwa kila tani ya jiwe, kiwango ambacho mchimbaji yeyote wa machimbo ya Rosterman hapo Kakamega au ya Osiri kule Migori angekichangamkia. Gramu 10 kwa tani ni miligramu 10 kwa kilo. Miligramu moja ya dhahabu ni kipande kisichofika nusu milimita kila upande, takriban punje moja ya chumvi ya mezani. Kwa hiyo katika kilo nzima ya jiwe zuri, jiwe la kuota ndoto, kuna dhahabu ya kadiri ya punje 10 za chumvi. Hakuna mkono duniani unaohisi uzito huo. Jiwe likiwa zito kuliko kawaida, uzito huo umetoka kwa kitu kingine kilichojaa humo: pairaiti, ambayo ni chuma kilichoungana na salfa, uzito wake kama mara 5 ya maji, au aseniki iliyoungana na chuma na salfa, mara 6, au kutu nyingi.

Jipimie mwenyewe umwone broka alichokipima. Chukua jiwe lililosuguliwa likatakata na kukauka, lipime. Tuseme ni gramu 412. Weka bakuli la maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha lifunge jiwe kwa uzi na ulizamishe lote majini likining'inia, lisiguse chini wala pembeni. Mizani itasoma namba mpya, tuseme 154. Gawanya 412 kwa 154: unapata karibu 2.68. Hiyo ni kwatsi tupu na kutu kidogo. Ukipata 3 na zaidi, kuna madini mazito humo, nayo karibu kila mara ni ya chuma na salfa. Kipimo hiki hakikwambii kuna dhahabu. Kinakwambia tu uzito unatoka wapi, na kwamba mkono wa mtu si maabara.

Tuje kwenye vitu vyenyewe vya manjano. Kuna vitatu vinavyowachanganya watu wa upande wetu.

Kimoja ni ulanga. Ukipita barabara ya Kisumu kwenda Kakamega unayaona yale majabali makubwa ya Maragoli. Ni matale, na ndani ya matale kuna ulanga mweusi. Ukikaa ardhini ukioza, huo mweusi hugeuka rangi ya shaba na dhahabu. Mvua huuteremsha mitoni na watoto wakaokota wakishangilia. Ulanga una vijikaratasi; ukiubana na ncha ya sindano hubanduka gamba moja baada ya jingine, na kwenye karai huelea na kupepesuka juu ya maji kama makapi ya wimbi. Dhahabu haina tabia hiyo.

Kingine ni pairaiti, na ndugu yake mwenye shaba ndani. Hii ina pembe kali, mara nyingine ni viboksi vilivyonyooka kama vimekatwa kwa msumeno. Ukiubonyeza kwa sindano huvunjika na kuruka. Ukiusugua ukingo wa chini wa kikombe cha kauri, pale pasipo na rangi wala mng'ao, pairaiti huacha mstari mweusi wenye kijani kibichi kwa mbali. Dhahabu huacha mstari wa manjano, kwa sababu ni laini: ugumu wake ni kati ya 2.5 na 3 kwa kipimo tunachotumia sisi wa mawe, wakati pairaiti ni 6 na zaidi na huweza kukwaruza kisu.

Cha tatu ndicho dhahabu. Shika jiwe juani, litazame, halafu ligeuze polepole. Sasa simama kivulini ulitazame tena. Ulanga hukonyeza: uliwaka, ukazima. Pairaiti huwaka upande mmoja na kuwa kijivu upande mwingine. Dhahabu haibadiliki, ni njano ile ile juani, kivulini, na ukiigeuza. Haing'ai sana hata. Ukiona kitu kinachometa kwa mbali kutoka mlangoni, kwa uzoefu wangu karibu kila mara si chenyewe. Halafu chukua sindano ya kushonea uibonyeze punje hiyo taratibu chini ya kioo cha kukuzia, au chini ya kamera ya simu iliyovutwa karibu (hapo simu ina faida). Dhahabu hubonyea, sindano huacha alama kama kwenye nta ngumu. Haikatiki wala hairuki. Kipimo hiki cha sindano, dada, kina thamani kuliko chupa yoyote ya asidi utakayouziwa.

Umetaja michirizi ya kutu, na hapo ndipo nilipotega sikio. Futi 18 kwenu bado ni sehemu ambayo maji ya mvua na hewa hufika. Pairaiti ikikaa huko miaka mingi hushika kutu na kuyeyuka, ikaacha vishimo vidogo vya mraba ndani ya jiwe jeupe vyenye unga wa kahawia. Dhahabu iliyokuwa imefungwa ndani yake haishiki kutu, hubaki humo humo ikiwa huru. Kwa hiyo wazee waliofanya kazi hii huacha kile kinachometa na kuvunja penye vishimo vyenye kutu. Anza hapo.

Sasa kazi yenyewe, ya kusaga na kukarai, yaani kuosha unga wa jiwe kwa karai. Hiki ndicho kipimo cha kweli cha nyumbani. Akina mama wa Ikolomani wanakijua kuliko mimi, na ukiwa na jirani anayekarai mtoni mwite akufundishe mkono. Maandishi hayafundishi mkono. Nitakupa yale ambayo mara nyingi hayasemwi.

Usitumie kinu cha nyumbani, wala usipeleke jiwe kwa mashine ya posho. Silisemi hili kwa usafi tu. Mwaka 2010 huko Zamfara, Nigeria, familia zilisagia mawe ya dhahabu kwa mashine za unga na ndani ya maboma yao. Mawe yale yalikuwa na madini mengi ya risasi, yaani ledi, vumbi likaingia katika vyakula na mikeka, na zaidi ya watoto 400 wakafa. Mawe ya kwenu si lazima yawe na risasi kama yale, lakini aseniki, ambayo ni sumu, ipo katika mishipa ya ukanda huu, na vumbi la kwatsi lenyewe huharibu mapafu pole pole bila dawa ya kuyarudisha. Vunja jiwe nje, mbali na jikoni, likiwa limeloweshwa na limefunikwa kwa gunia bichi. Liponde kwa kinu cha chuma, maji yakiwemo, mpaka unga upite kwenye chujio la chai la matundu madogo. Chujio hilo lisirudi kwenye chai. Watoto wasiwepo, na nguo ulizopondea zifuliwe peke yake.

Usichukue kipande kile kizuri tu. Chukua vipande vidogo vidogo kutoka upana wote wa mshipa, juu, katikati, chini, hata vile visivyovutia, uchanganye, upate kama kilo 2. Pima kwa mizani, usitumie gorogoro, kwa maana gorogoro linalobeba kilo 2 za mahindi likijaa unga wa mawe hukaribia kilo 4, na hesabu zako zote zitapotoka.

Unga ukiwa karaini, tia maji na tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo. Dhahabu ya punje ndogo mno huweza kuelea juu ya ngozi ya maji kama vumbi. Sabuni huivunja ngozi hiyo ikazama. Tikisa karai likiwa sawa mpaka vizito vitulie chini, kisha liinamishe kidogo uache maji yachukue vyepesi, kidogo kidogo. Tikisa tena, inamisha tena. Haraka hapa ndiyo huipeleka dhahabu mtoni. Maji yanayomwagika yapokelee kwenye beseni jingine ili uweze kurudia, kwa sababu mara ya kwanza utamwaga ambacho hukutaka kumwaga. Mwisho utabaki na mkia wa mchanga mweusi, kijiko kimoja hivi. Uache ukauke, ifunge sumaku yako kwa karatasi ya plastiki, uipitishe juu yake; madini ya chuma yatarukia plastiki pamoja na vipande vya chuma vilivyobanduka kwenye kinu. Ukivua sumaku vitaanguka. Kilichobaki kimwagie maji kidogo, zungusha karai taratibu, na uangalie kule mwisho wa mkia, nyuma ya vyote. Dhahabu huwa ya mwisho kusogea. Kama ipo, utaona mstari mwembamba wa manjano unaokataa kuwafuata wenzake.

Kabla hujapiga vigelegele, nikuambie aibu yangu. Nilipokuwa kijana kazini niliazima kinu cha chuma kwa mchimbaji mmoja, nikaponda jiwe la mzee fulani, nikakarai, nikapata punje sita safi. Mzee alinichinjia kuku. Usiku sikulala vizuri, kuna kitu kilinisumbua. Asubuhi nikaponda kokoto ya barabarani kwa kinu kile kile. Punje nne. Dhahabu ilikuwa ya mwenye kinu, imejibana kwenye mikwaruzo ya chuma kwa miaka. Kurudi kwa yule mzee na habari hiyo, kuku akiwa tayari tumboni, ni safari ambayo sikutamani tena. Tangu hapo, kabla ya jiwe la mtu, naponda kwanza vipande vya chupa ya soda, naosha, nakarai. Chupa ikitoa dhahabu, kinu ni kichafu. Na wewe fanya hivyo, hasa kinu kikiwa cha kuazima, na hasa anayekuazima akiwa rafiki wa broka.

Tuseme umepata punje. Zibonyeze kwa sindano; zikibonyea bila kuvunjika na haziwi kijivu kivulini, jibu la swali la kwanza ni ndiyo. Usipoona kitu, jibu si hapana moja kwa moja. Kuna dhahabu ya punje ndogo mno ambayo macho hayaioni na karai haliishiki, na ipo iliyojificha ndani ya pairaiti na aseniki, imefungwa kama mbegu ndani ya kokwa. Ndiyo sababu nilikuambia swali la pili halimalizikii uani.

Hapo ndipo shemeji yako anapoingia na zebaki. Naomba umsomee sehemu hii kwa heshima, maana simsemi kwa ubaya. Hiyo ndiyo njia aliyoiona ikitumika.

Zebaki hunywa dhahabu inayoigusa na kufanya donge laini la rangi ya fedha. Donge likichomwa, zebaki huondoka ikabaki dhahabu. Neno "huondoka" ndilo linalowadanganya watu, kana kwamba imekwisha. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, na jiko la makaa hupita hapo kwa urahisi. Inageuka mvuke usio na rangi wala harufu, inapaa, inagusana na mabati, kuta, mashuka, vyombo, na kutulia hapo ikiwa matone madogo yasiyoonekana. Kesho jua likipasha bati, baadhi yake huwa mvuke tena. Mtu anayeivuta kwa wingi katika chumba kilichofungwa huweza kuanza kukohoa, kubanwa kifua na kupata homa ndani ya saa chache. Anayevuta kidogo kidogo kwa miezi hutetemeka mikono, husahau, huwa mwepesi wa hasira. Kwa mimba na kwa mtoto mdogo ni mbaya zaidi, maana ubongo bado unajengwa. Inayomwagwa mitoni, katika Isiukhu na Yala, wadudu wadogo wa topeni huigeuza kuwa aina inayopanda ndani ya samaki. Ndiyo maana mwaka 2013 nchi zilikutana Japani na kupitisha Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji ambao watu wake walipooza na kufa kwa kula samaki wa zebaki.

Na hata tukiisahau sumu, zebaki ni kipimo kibovu. Haiingii ndani ya pairaiti, kwa hiyo dhahabu iliyofichwa haipati. Hunywa fedha pia, kwa hiyo kijidonge kinachobaki si dhahabu tupu. Itakwambia yale yale ambayo karai limekwishakwambia bure.

Kama tayari imechomwa ndani ya nyumba, na naandika hili kwa ajili ya wasomaji wengine pia, toeni watoto nje, fungueni madirisha na milango, msifagie wala msipanguse kwa ufagio kwa sababu ufagio huitawanya. Sufuria hiyo haipikii tena. Mwenye kikohozi, homa au pumzi fupi apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na amwambie daktari waziwazi kwamba amevuta mvuke wa zebaki. Asipolisema neno hilo atatibiwa malaria.

Kuhusu asidi kali ya naitriki, ile ambayo wengine wanaisifu: ni kweli haili dhahabu na hula shaba na madini mengine mengi. Masonara huitumia, wakiwa na vifaa na hewa. Inatoa moshi wa kahawia ambao unaweza kukuacha mzima mchana na kukujaza maji kwenye mapafu usiku. Nyumbani sikushauri kabisa. Na usilichome jiwe motoni kunusa harufu kama wengine wanavyofundisha; harufu ya kitunguu saumu ni moshi wa aseniki, na ukishaunusa umekwisha kuuvuta.

Basi swali la pili, kiasi. Maabara husaga sampuli ikawa laini kama poda, huchukua gramu 30 au 50 na kuiyeyusha tanurini pamoja na madini ya risasi na boraksi, unga wa kusaidia kuyeyusha. Risasi inayoyeyuka hukusanya dhahabu yote ikashuka nayo chini, hata ile iliyojificha. Kisha risasi huondolewa kwa moto na kijidonge kinachobaki hupimwa. Hiki ndicho kinachoitwa kipimo cha moto, na ndicho utakachokiomba, majibu yakiwa kwa gramu kwa tani. Wapo wenye bunduki ya miale inayosoma jiwe kwa nusu dakika. Ni kifaa kizuri kwa shaba na chuma, lakini husoma ngozi ya jiwe tu, na kwa dhahabu kidogo huweza kupotoshwa na aseniki au zinki iliyo humo. Usiuze wala usinunue kitu kwa usomaji wa bunduki peke yake.

Usipeleke jiwe moja. Dhahabu haikai sawasawa kama chumvi kwenye ugali. Hukaa kwa vifundo. Jiwe moja likiangukia kifundo litasema wewe ni tajiri, jirani yake atasema huna kitu, na wote wawili watakuwa wamesema kweli kuhusu nafsi zao. Peleka sampuli tano au sita za kilo 2 au 3 kila moja, kutoka sehemu tofauti, kila mfuko ukiwa na namba na maelezo ya kina na upana. Ongeza na mfuko mmoja wa kokoto ya barabarani bila kuwaambia ni nini. Mfuko huo ukirudi na majibu ya dhahabu, utajua maabara hiyo ni ya kuiamini kiasi gani. Maabara ya serikali iko Madini House, Barabara ya Machakos, Nairobi. Lakini pitia kwanza ofisi ya madini hapo Kakamega, watakuelekeza na mara nyingine mwanajiolojia atakuja kuutazama mshipa mwenyewe. Macho yake dakika 20 ndani ya uwanja wako ni bora kuliko barua hii yangu yote.

Jibu likija, lisome kwa hesabu ya watu wa soko. Pointi moja ni gramu 0.1. Mwamba wa gramu 5 kwa tani unahitaji kilo 20 za jiwe lililopondwa kwa kila pointi, ikiwa hujapoteza hata chembe, na kwa karai utapoteza. Tola, gramu 11.66, inataka zaidi ya tani 2. Weka hapo jasho, kinu, maji na vijana wa kulipwa, uone kama bado inakuvutia.

Broka umwambie asubiri karatasi ya maabara. Kama jiwe ni zuri leo, mwezi ujao litakuwa hapo. Usiweke sahihi wala kidole. Katiba yetu, kifungu cha 62, inayahesabu madini kuwa mali ya umma hata yakiwa chini ya shamba lako, na Sheria ya Madini ya 2016 inataka kibali kwa mchimbaji mdogo na leseni kwa anayenunua na kuuza. Lakini ardhi ya juu ni yenu, na ridhaa ya mwenye shamba ni sehemu ya utaratibu. Ridhaa hiyo ndiyo anayotaka kuinunua kwa bei ya jiwe ambalo hajalipima. Watu wa Kakamega wana sababu ya kuwa macho: mwaka 1932, baada ya dhahabu kuonekana huko, serikali ya mkoloni iliibadilisha upesi sheria iliyokuwa imeahidi kuzilinda ardhi za wenyeji, mwaka wa pili tu baada ya kuitunga. Muulize broka leseni yake. Mara nyingi swali hilo peke yake humkumbusha kwamba ana safari ya Migori.

Jambo la mwisho ni hilo shimo. Usimruhusu yeyote, shemeji wala fundi, ateremke kuufuata mshipa kwa kuchimba ubavuni. Shimo la choo halikujengewa nguzo, udongo wenu mwekundu ukilowa huporomoka bila onyo, na futi 18 zatosha kabisa kuzika watu wawili. Lifunikeni kwa mbao na mabati yaliyobanwa na mawe, kabla ya mvua na kabla ya watoto wa jirani. Choo mkichimbe upande mwingine wa boma, mbali na kisima. Maabara ina foleni, na tumbo halina.